Mifugo Elfu Nne Ndani ya Stoo

Tarehe 2 Juni

Wifi, mwanetu ana mifugo elfu nne! Elfu nne nakwambia, na wote wanalala stoo kwangu, pale nilipokuwa naweka majora ya vitambaa!

Haya, sasa nikusalimu. Shikamoo wifi yangu wa kilimani, nakupa kwa umri wako, si kwa maneno yako. Mguu unaendeleaje? Sisi wazima. Kaka yako mzima, ila jino la nyuma linamsumbua na hataki kwenda kung'olewa. Anasema limeshaanza kutikisika lenyewe, litatoka lenyewe. Mwanaume mzima anaogopa koleo. Mimi nina oda ya sare za shule mbili kwa mpigo, na joto la huku chini sasa linatulaza madirisha wazi mwezi wa sita, jambo ambalo sijaliona tangu kaka yako anioe.

Sasa mifugo. Unakumbuka Chiriku alipokuja kwako mwezi wa nne, akashinda amechuchumaa kwenye maharage, ukaniandikia kwamba mtoto kapoteza hereni? Hakupoteza hereni. Alikuwa anachukua vidukari! Wale vijidudu wa kijani wanaong'ang'ania mashina. Chuo kimemchagua yeye mmoja katika darasa zima (darasa lina watu sita, lakini mmoja ni mmoja) afanye utafiti wa vidukari wa shangazi yake. Na kwa kuwa chumba cha baridi cha chuo kinakarabatiwa, mwalimu wake, yule daktari wa wadudu, akauliza nani kwao kuna chumba kisichoingia jua. Mwanangu akanyoosha mkono. Majora nimeyahamishia chini ya kitanda.

Sikiliza maajabu. Vidukari hawana waume, wifi. Wanazaa watoto wa kike watupu, na mtoto anazaliwa tayari ana mimba! Nilipomwambia kaka yako aliacha kunywa chai. Halafu ndani ya kidukari wako wa kilimani anaishi kijidudu mwingine, haonekani hata nikivaa miwani miwili. Huyo ni mlinzi. Analala bure, anakula bure, na kazi yake ni moja. Kuna kinyigu, mdogo kuliko tundu la sindano, huja kumchoma kidukari na kumtagia yai tumboni. Yai likianguliwa, mtoto wa kinyigu anamla mwenye nyumba kwa ndani, taratibu, mpaka anabaki ganda. Kisha anakata kifuniko cha mviringo mgongoni, safi kama tundu la kifungo nililokata mimi, huyo anatoka zake. Lakini kidukari akiwa na mlinzi, yai linauawa humo humo ndani. Asiye na mlinzi, kwisha habari yake.

Chiriku anachotaka kujua ni hiki: dunia inavyozidi kuchemka, mlinzi atabaki kazini au atazimia? Sanduku lenye kifuniko cha bluu ni la wenye walinzi, lenye kifuniko cheupe ni la wasio nao. Na nyavu za masanduku nimezishona mimi, mishono midogo hivi kwamba kinyigu hapiti. Kwa hiyo ukisikia watu wanasifu utafiti wa chuo, ujue umeshonwa na nani.

Njoo uone. Miaka kumi na moja hujakanyaga kwa kaka yako, si vizuri.

Wifi yako, mama wa mtafiti


Tarehe 14 Juni

Wifi Cherehani,

Marahaba. Mguu upo, unauma ukitaka. Barua yako dereva wa lori la mbao aliileta imelowa mafuta, lakini kelele zake zilikuwa hazijapungua. Mwambie kaka yangu akang'oe jino, kama anaogopa amshike mke wake mkono.

Umesema elfu nne. Ukisema wewe elfu nne, mimi naandika mia nne, halafu namuuliza mtoto.

Hao mifugo wenu nawajua kuliko nyinyi. Mwaka huu wamekuja wiki tatu kabla ya wakati wao. Sweta langu liko sandukuni mwaka wa pili sasa, mlima huu si ule niliozaliwa. Na vinyigu waliokuwa wakija kuwapunguza, sijawaona. Kila siku nakaa na kiti changu kwenye maharage, naona sisimizi wanapanda shina, wanampapasa kidukari mgongoni kwa vipembe, kidukari anatoa tone la utamu, sisimizi anakunywa. Wanawakamua kabisa kama ng'ombe. Juzi mdudu mmoja mwekundu mwenye madoa alikuja kula kidukari, sisimizi watatu wakamtoa mbio. Nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza nimepatwa na nini. Mwambie Chiriku ayaandike hayo.

Nilikuwa nimeshachanganya dawa ya kupulizia shamba zima. Nimeacha mstari mmoja, ule wa kando ya tangi la maji. Haupati dawa. Ni wa Chiriku, akihitaji mbegu nyingine ya mifugo atanikuta.

Kuhusu kuja: kila barua unanialika, na kila barua nakujibu. Siku ya harusi ya mdogo wetu ulinishonea gauni la zambarau, likapasuka kutoka kwapani hadi kiunoni mbele ya wakwe, na wewe ukasimama pale ukasema nimenenepa. Siku utakayosema neno lingine kuhusu lile gauni, nitapanda lori.

Shangazi wa mtafiti


Tarehe 28 Juni

Wifi yangu mpenzi, habari za mlimani? Sisi tupo, joto lipo, jino lipo.

Muulize mtoto, wamefika elfu sita! Sisimizi wako nimemsomea Chiriku, akaruka hapo alipo, akanakili yote kwenye daftari lake na juu akaandika “Taarifa ya Shangazi”. Umeingia chuo bila kwenda shule, wifi. Tangu asubuhi mtoto anaongea, akisuka nywele anaongea, akipiga mswaki anaongea na povu mdomoni, vidukari, vinyigu, vidukari, vinyigu. Hatukukosea kumwita Chiriku, maana ndege mwenyewe angeomba apumzike.

Vinyigu amewaleta kutoka chuoni kwenye chupa, atawafungulia masanduku yote mawili wiki ya pili ya mwezi wa saba. Hapo ndipo tutaona mlinzi ni mlinzi au ni mgeni wa kula tu. Mimi nimeshaamua upande: niko na bluu.

Mtaa mzima umesikia. (Sijui umesikia kwa nani.) Kikundi chetu cha kina mama kinakutana kwangu tarehe nne Julai, na wote wanataka kuona. Mwenye duka la vitambaa amesema kwa sauti, mbele za watu, kwamba haamini, na kwamba mwanawe yeye anasomea sheria. Sheria! Sheria unaweza kuifuga stoo?

Chiriku amesema, “Mama, masanduku hayatoki stoo. Hata dakika kumi.” Nikamwambia sawa, mwanangu. Siku hiyo atakuwa chuoni.

Kuhusu gauni, wifi, mwili hubadilika, si kosa la mtu.

Mama yake


Tarehe 26 Julai

Wifi,

Natumaini mguu umepoa. Sisi hatujambo. Jino la kaka yako limetoka lenyewe, akiwa anatafuna mkate, sasa anajisifu kama yeye ndiye daktari. Sare za shule zote mbili nimekabidhi. Zilikuwa nzuri, marinda yamesimama. Huku mvua hakuna. Mwenye duka la vitambaa ameleta kitambaa cha pazia, sikukipenda.

Chiriku yupo.

Wifi yako


Tarehe 9 Agosti

Wifi Cherehani,

Salamu zako zimefika. Nimeisoma barua mara mbili, mara ya pili nimeigeuza nyuma nikaangalia kama kuna kilichoandikwa huko. Barua mbili umenijazia wadudu mpaka nikawa najikuna. Hii haina hata mguu wa sisimizi. Na “Chiriku yupo” ni habari gani? Hata ndoo ipo.

Dereva wa lori ameniletea karatasi nyingine, mwandiko wa mtoto. Mistari mitatu: “Shangazi, shikamoo. Usijisumbue tena kuniwekea ule mstari wa maharage, upulizie dawa tu. Sina kazi nao tena.” Mtoto ambaye kunisalimu tu humchukua ukurasa mzima!

Sikuulizi mwanao ana nini. Nakuuliza wewe, tarehe nne Julai ulifanya nini?

Shangazi yake


Tarehe 15 Agosti

Wifi, umenikamata.

Nakusalimu, lakini naandika mbio kabla sijabadili nia, utanisamehe mwandiko. Kaka yako sijamwambia. Nakwambia wewe kwanza, na ukitaka kunicheka, nimalize kwanza ndipo ucheke.

Walikuja kumi na wawili. Stoo inaingiza watu wawili wakikaa kiubavu. Mwenye duka la vitambaa akachungulia mlangoni, akasema, “Giza tupu humu, mimi naona maboksi.” Wakacheka. Wifi, hicho kicheko kilinichoma. Nikabeba sanduku la bluu, nikaja nalo sebuleni, nikaliweka juu ya meza yangu ya kupigia pasi, dirishani, ili waone vizuri. Nikawaeleza yote, wasio na waume, mlinzi, tundu la kifungo. Walishika midomo! Mwenye duka aliomba achungulie mara ya pili. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nijifungue.

Na oda ilikuwa ya kukabidhiwa Jumatatu. Kwa hiyo huku nikiongea, napiga pasi. Pasi zote mbili zinawaka, watu kumi na wawili ndani, jua linapiga dirishani, bati linalia juu. Tulisahau.

Walipoondoka nikaangalia kile kipimajoto cha ndani ya sanduku. Kinashika joto la juu kabisa, hata likishapita, mpaka ubonyeze kitufe. Nilipoiona ile namba nikabonyeza kitufe. Nikarudisha sanduku stoo, nikafuta meza. Vidukari walikuwa wazima kabisa, wanakunywa maharage yao. Nikasema basi, hakuna lililotokea.

Chiriku akafungulia vinyigu. Wiki mbili baadaye sanduku la bluu lilikuwa maganda matupu kama jeupe tu, kila mmoja na tundu lake la kifungo mgongoni. Mlinzi hakuwepo. Mtoto alikaa chini stoo na kibano, akawa anahesabu maganda, haongei. Namletea uji, haongei. Kisha akaniangalia akasema, “Mama, kuna mahali nimekosea. Nimepitia kila kitu na sijui ni wapi. Huenda hii kazi si yangu.”

Nami nilikuwa nimesimama pale na bakuli mkononi.

Mwalimu wake amempa hadi mwisho wa mwezi huu aeleze kilichotokea au auache utafiti. Tayari ameanza kuandika barua ya kuacha, iko mezani, imefika nusu. Kila siku anaongeza mstari mmoja, na kila siku nafungua mdomo, halafu namuuliza kama amekula.

Wifi yako


Tarehe 21 Agosti

Wifi,

Sikucheka. Nilicheka kidogo pale pa mwenye duka.

Sasa nisikilize. Umenieleza mimi ukurasa mzima, na mimi si niliyekosewa. Ukishamaliza kusoma hapa, kunja karatasi, nenda stoo, umwambie. Usitangulize uji. Usiseme “unajua joto la siku hizi”. Sema ni wewe.

Na usimwambie nusu nusu. Wewe ni fundi, namba iliyokuwa kwenye kipimajoto unayo kichwani, najua unayo. Mpe.

Ule mstari wa maharage sijaupulizia. Mtoto alinikataza kuutunza, nami nikakataa kukatazwa. Vinyigu wa huku wameanza kuja wiki hii, wamechelewa kiasi kwamba vidukari wameshamaliza mistari ya jirani. Nimefunga vidukari kwenye makopo matatu, na mashina yao, na kitambaa kibichi juu. Barua hii inatangulia, makopo dereva atashuka nayo safari ijayo, alfajiri kabla jua halijawaka. Nimemwambia yakifika yamepikika nitamtafuta mpaka kwao.

Kama barua ya kuacha imeshakwenda, makopo yatamkuta hana kazi nayo. Kwa hiyo kimbia.

Shangazi


Tarehe 25 Oktoba

Wifi, pasi yangu imeingia kwenye utafiti! Ukurasa wa kumi na saba! Imeandikwa kwa wino wa mashine, na saa za kuwaka na saa za kuzima!

Shikamoo, shikamoo mara kumi. Najua nimekaa kimya miezi miwili na umetuma salamu tatu kwa dereva. Nilikuwa kazini, chuoni. Ngoja nikwambie kwa mpangilio.

Barua yako nilikunja kama ulivyosema. Chiriku alikuwa stoo anafungua nyavu ili azirudishe kwangu nizitumie kwa mapazia. Nikamwambia, “Mwanangu, si wewe. Ni mimi. Sanduku la bluu nililitoa.” Akaacha mkono hewani. Nikaeleza yote, mpaka kitufe. Hakupiga kelele, wifi, afadhali angepiga kelele. Alisema tu, “Mwezi mzima, Mama. Mwezi mzima umeniacha nijitafute kosa.” Akaingia chumbani kwake. Siku mbili hakuongea nami, nilistahili. Kaka yako alikuwa anapeleka habari huku na huko: mama yako anauliza chumvi iko wapi, mwanao anasema ipo ilipo.

Siku ya tatu akatoka na kalamu sikioni. “Ulianza kupiga pasi saa ngapi?”

Wifi, unajua tangu nilipounguza ile meza ya mama mkwe, sijawahi kuwasha pasi bila kuandika. Saa ya kuwasha, saa ya kuzima, ukutani lipo daftari na penseli imefungwa uzi. Nikamletea. Tarehe nne Julai: kuwasha saa saba na robo, kuzima saa kumi kasoro dakika kumi.

“Na kipimajoto kilisema ngapi kabla hujabonyeza?”

“Thelathini na nane na nusu.”

“Una uhakika?”

“Mwanangu, nakumbuka kiuno cha kila mwanamke wa mtaa huu na cha mama yake.”

Akaandika. Akaangalia alichoandika. Akakaa chini sakafuni, akaanza kucheka, machozi yanamtoka. “Mama! Mchana mmoja! Wote tunadhani mlinzi anahitaji msimu mzima wa joto ili ashindwe. Kumbe mchana mmoja tu unaweza kumtosha, na kidukari mwenyewe anabaki anaonekana mzima!” Ile barua ya kuacha akaigeuza, nyuma yake akachora masanduku. Makopo yako yalifika kesho yake, mabichi kabisa, dereva ananisihi nikwambie hayakupikika.

Tukarudia. Wifi, safari hii kwa ruhusa! Masanduku sita. Matatu yalikaa stoo, hayakuguswa. Matatu niliyapigia pasi mimi, mchana mmoja, saa zile zile, dirisha lile lile, na Chiriku pembeni na kipimajoto ananiambia, “Ongeza, Mama. Punguza. Hapo hapo!” Mwalimu wake alikuja kuthibitisha, daktari mzima wa wadudu, akakaa kwenye kiti cha wateja, nami nikanyoosha marinda kumi na nane mbele yake bila kukunja hata moja. Alisema hajawahi kuona chombo cha maabara kinachotoa na sketi. Kisha vinyigu wakafunguliwa. Yale matatu ya stoo walinzi walisimama imara, maganda machache tu ya kuhesabu. Yale ya pasi, maganda kila mahali, matundu ya vifungo kama duka langu!

Mwalimu anasema sasa lazima watu wafikirie mashamba upya, maana siku moja ya joto kali inaweza kubadilisha nani anamla nani, wala mkulima asijue. Taarifa yako ya sisimizi, na ya vinyigu waliochelewa, ipo ukurasa wa tatu. Mimi wa kumi na saba, wewe wa tatu. Nimeikubali hiyo.

Chiriku ameanza tena kuongea. Hapa ninapoandika anamweleza baba yake kuhusu sisimizi, na baba yake ameshika shavu kama jino limerudi.

Sasa, wifi. Nimezoea kidogo kukiri makosa mwaka huu, kwa hiyo wacha nimalizie.

Hukunenepa. Kipimo chako kilikuwa arobaini na nne. Kitambaa cha zambarau hakikutosha, niliona aibu kukurudia kusema sikukadiria vizuri, nikakata arobaini na mbili nikaomba usipumue sana. Nilikuona unapumua kanisani pale nikajua tumekwisha. Miaka kumi na moja nimekuwa na hizo inchi mbili kichwani. Nilikosea mimi, na nikakusingizia mwili wako mbele ya wakwe. Nisamehe.

Gauni jipya limeshashonwa, limetundikwa stoo, ndicho chumba chenye hewa nzuri kuliko vyote humu ndani. Zambarau. Arobaini na sita, na usinijibu kwa barua kuhusu hizo inchi mbili za ziada, ni za kucheka. Dereva nimeshaongea naye, atakuweka mbele, mguu ukae juu ya mto wangu. Kikundi chote kinakuja, mwenye duka la vitambaa amenunua viatu, kaka yako amenyoa. Chiriku anasimama mbele ya walimu wake wote kutetea utafiti wake, na amesema hataanza kusema neno, yeye Chiriku, mpaka amwone shangazi yake amekaa kiti cha mbele.

Ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba, saa nne asubuhi.